Hesabu ya Duara na Kisu cha Kuazima

Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto hesabu ya duara, nao hutuuliza, "Mwalimu, hesabu hii itatufaa nini?" Twakiri kwamba hata sisi tuliijua kwa kichwa tu, mpaka siku ilipotuaibisha.

Hapa kwetu Singida alizeti ni mali. Wakati wa mavuno, shafti ya mashine ya kukamulia mafuta, iliyo ya akina mama wa usharika wetu, ililika hata isiweze kuzunguka sawasawa. Magunia yakakaa yakingoja, nao akina mama waliyategemea mafuta hayo kwa sare na madaftari ya watoto. Basi tukatumwa mjini kwa fundi mkerezaji ili atengeneze nyingine.

Kanuni ya kazi yake ni hii. Kisu cha kukerezea hakijali wingi wa mizunguko, bali urefu wa chuma upitao mbele ya makali yake kwa dakika moja. Kwa chuma laini, mita 30 kwa dakika ni kiasi chema. Ukitaka mizunguko, zidisha 30 kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha chuma kwa milimita.

Kwanza fundi alikereza pini ya milimita 20. Tulimpigia hesabu, tukapata mizunguko 477, nayo pini ikatoka safi. Ilipofika zamu ya shafti, yenye milimita 60, tukasema, "Endelea vivyo hivyo; chuma kinene kina nguvu." Fundi alisita, lakini akamheshimu mwalimu. Mara moshi ukatoka, chuma kikalia, ncha ya kisu ikawa ya samawati na makali yakafa. Maana kipenyo kikiwa mara tatu, ngozi ya chuma nayo hukimbia mara tatu: mita 90 kwa dakika! Tukafadhaika kama yule mwanafunzi wa manabii siku za Elisha, ambaye shoka lake lililozama lilikuwa la kuazima.

Fundi akasema kwa upole, "Mwalimu, chuma hakijui cheo cha mtu."

Akatwaa kisu kingine, nasi tukapiga hesabu upya: mizunguko 159. Kisu kikisogea milimita 0.2 kila mzunguko, huenda milimita 32 hivi kwa dakika. Hivyo urefu wa milimita 320 huisha kwa dakika 10. Baadaye tulisoma kwamba Bwana Frederick Taylor wa Marekani alitangaza mambo hayo mwaka 1906, baada ya majaribio ya miaka zaidi ya 20: mwendo ukizidi kidogo tu, maisha ya kisu hupungua sana.

Mashine ikakamua tena. Kisu kilichoungua tulikilipa, nacho kipo mezani darasani. Mtoto akiuliza faida ya hesabu ya duara, twamwonyesha, kisha twamweleza kosa lilikuwa la nani.