Chupa ya Mzee haikunisubiri

Wasee, leo hakuna video. Leo nisomeni tu.

2021, barua yangu ya chuo ilipofika, Mzee alifungua chupa ya wiski hapa kwetu Voi. Wajomba wakamiminiwa, ikabaki robo. Akaifunga. "Hii nyingine ni ya siku utakayovaa joho." Akaiweka juu ya kabati la sebuleni, mkabala na dirisha. Kila jioni jua la saa kumi linaipiga.

Mwaka wa pili nikaacha chuo. Karo, na mambo mengine. Chupa ikabaki palepale. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeitaja. Mimi nikipita sebuleni, hiyo kona siitazami.

Juzi Mzee akaishusha mwenyewe. Akanusa, akaonja. "Hii imekufa."

Nikaenda kusoma kwa nini. Kumbe wiski si kama mnazi. Mnazi ukilala, kesho ni mkali, sababu hamira bado inachapa kazi. Wiski ina kileo kama asilimia 40, vijidudu haviishi humo. Haiozi. Inachopoteza ni ladha. Ukishafungua, hewa inaingia. Chupa yenye nusu, ukiitunza vizuri, inaweza kukaa hata mwaka. Ikibaki robo, hesabu miezi tu, maana humo ndani hewa ni nyingi kuliko kinywaji. Joto na jua zinaharakisha. Na Voi si Wundanyi, buda. Hapa mabati yanachemka.

Kwa hivyo: iweke gizani, mahali pa baridi kiasi. Isimame wima, usiilaze, kileo kinakula kizibo. Ikibaki kidogo, ihamishie kwa kachupa kadogo kasafi, ijae mpaka shingoni, kaza kifuniko. (Kama hujafika 18, mwonyeshe mzazi hii, kisha uende zako.)

Nilimweleza Mzee hayo yote. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo si wewe uliyechelewa, ni mimi niliyeianika juani?"

Tukacheka. Miaka hiyo yote hatukuwahi kuongea kuhusu chuo, na siku hiyo tuliongea mpaka stima zikapotea. Akaniuliza hizi video zinalipa nini. Nikamwambia ukweli: kidogo.

Akamimina iliyobaki kwa vikombe viwili vya chai. Haikuwa tamu hata. Tulimaliza.

Kama kwenu kuna chupa inangoja sherehe yako, usiogope hiyo kona. Kaa na mzazi muongee, ladha ikiwa bado ipo.