Kisu cha Kauhava

Tulipozuru Kauhava, mji wa magharibi mwa Ufini, tulionyeshwa kisu kiitwacho puukko. Mhunzi hukifua kwa nyundo, kikawa kifupi. Mpini huwa wa magome ya mti wa koivu yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, usioteleza mkono ukilowa. Ala ya ngozi humeza sehemu kubwa ya mpini. Kwacho huchongwa miti na kupasuliwa samaki. Karne ya 19, baadhi ya vijana wa huko walikimwagia damu. Leo sheria hairuhusu kukichukua hadharani pasi na haja ya kazi au sababu nyingine inayokubalika. Hata hivyo, wazazi humtunukia mtoto, wakamfundisha kukishika. Nasi twawakumbusha wazazi wenzetu: mwana hafichwi makali maisha yake yote, hufundishwa adabu yake mapema.