Cognac, mji ambako babu humwekea mjukuu

Kuta ndizo zinazokwambia umefika Cognac. Mji huu mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa umejengwa kwa mawe meupe, lakini maghala yaliyo kando ya mto Charente yana kuta nyeusi kama jiko la kuni. Huo si moshi. Ni kuvu anayeishi kwa mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa yaliyolazwa ndani. Wenyeji husimulia kwamba zamani watoza kodi walikuwa wakiinua macho tu kutazama mapaa. Paa likiwa jeusi, mapipa yamo, hata mwenye nyumba aape vipi.

Mvuke huo wanauita fungu la malaika. Kila mwaka pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo, na ukijumlisha maghala yote ya eneo hili, kinachopotelea hewani kinazidi chupa milioni 20 kwa mwaka. Wanaivumilia hasara hiyo kwa sababu pombe isiyopumua haikomai.

Neno konyagi tulilonalo kwenye Kiswahili limetoka huku. (Kinywaji cheupe cha Tanzania chenye jina hilo ni kitu kingine kabisa.) Na hata kama nyumbani kwako pombe haivuki kizingiti, mzazi mwenzangu, endelea kusoma, kwa sababu habari ya mji huu ni habari ya shamba, watoto na urithi.

Biashara ya kwanza ya mto huu ilikuwa chumvi. Waholanzi walioifuata wakaanza kununua na mvinyo, ila mvinyo wa hapa ni mwepesi na mchachu, ukaharibika njiani. Wakaupika. Waliuita mvinyo uliochomwa, na kutokana na maneno yao hayo ndiyo dunia ikapata neno brandi. Katika karne ya 18 wakaja wageni waliobaki: Jean Martell wa kisiwa cha Jersey mwaka 1715, na Richard Hennessy wa Ireland mwaka 1765. Majina yao bado yamo kwenye chupa.

Mpaka leo zabibu inayotumika zaidi, Ugni Blanc, hutoa mvinyo ambao hakuna anayetamani kuunywa mezani. Unapikwa mara mbili kwenye mitungi ya shaba, na lita kama 9 za mvinyo hutoa lita moja ya pombe kali, nyeupe kama maji. Kazi yote ya kupika lazima iishe tarehe 31 Machi. Kwa hiyo majira ya baridi hapa mitambo huwaka usiku na mchana, na wapo wapishi wanaoweka kitanda karibu na mtungi, kwani dakika za kutenganisha kichwa, moyo na mkia wa pombe haziwezi kukisiwa ukiwa usingizini.

Halafu inaanza subira. Pombe hiyo huwekwa kwenye mapipa ya mwaloni, na sheria inataka ikae miaka 2 au zaidi. Yenye alama ya VSOP ni miaka 4. XO ni miaka 10 tangu mwaka 2018. Kabla ya hapo ilikuwa 6. Mialoni yenyewe hutoka Limousin na msitu wa Tronçais, ambao ulianza kutunzwa karne ya 17 kwa amri ya Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, aliyetaka mbao za meli za vita. Meli za mbao zilikwisha, miti ikabaki, watengeneza mapipa wakashukuru.

Katika kila ghala kubwa kuna kona iliyofungwa inayoitwa Peponi. Humo hukaa pombe za zamani mno, nyingine zimehamishiwa kwenye madamajani ya kioo baada ya miongo mingi ili zisiendelee kubadilika. Ndipo unapoelewa hesabu ya watu hawa. Anayezijaza pipa zake bora leo anajua wazi kwamba hatakuwepo zikifunguliwa. Anachokiuza yeye aliwekewa na babu. Kwenye nyumba ya Hennessy, kazi ya kuonja na kuchanganya imeshikwa na familia moja, ya akina Fillioux, kwa vizazi vinane. Kijana anayeingia kwenye chumba cha kuonjea hukaa miaka akisikiliza kabla ya kuulizwa maoni yake. Sijui ni watoto wangapi wa siku hizi wangekubali.

Lakini wenye majina makubwa ni wachache. Shamba liko mikononi mwa wakulima zaidi ya elfu nne, wengi wao familia zinazouza mvinyo au pombe kwa nyumba hizo kwa mkataba. Nao wana kizungumkuti ambacho msomaji yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi atakielewa. Sheria ya Ufaransa haimruhusu mzazi kumnyima mtoto urithi. Ukiwa na watoto watatu, robo tatu ya mali ni yao kwa lazima, na wewe unabaki na uamuzi juu ya robo. Mgawanyo wa namna hiyo ukiendelea karne mbili, matokeo unayaona Burgundy, ambako shamba maarufu la Clos de Vougeot, hekta 50 tu, lina wamiliki wapatao 80. Ndiyo maana siku hizi familia nyingi huliweka shamba ndani ya kampuni, watoto wakagawana hisa badala ya mistari ya mizabibu. Hapo hubaki swali moja gumu: nani anakaa kulima, na nani anaenda Paris akisubiri gawio?

Shamba hili lilishawahi kufa. Miaka ya 1870 kidudu kiitwacho filoksera, kilichotoka Marekani, kilikula mizizi na kuangamiza sehemu kubwa ya mizabibu. Mwaka 1887 serikali ilimtuma mtaalamu Pierre Viala kwenda Marekani kutafuta mizizi inayostahimili ardhi ya chokaa. Huko Texas, Munson wa mji wa Denison akamwelekeza. Tangu hapo mzabibu wa Cognac ni wa kubebesha, kama mwembe wa kisasa: juu Mfaransa, chini Mmarekani. Cognac na Denison ni miji dada hadi leo.

Hatari ya sasa haina miguu. Karibu chupa zote za Cognac, asilimia 97 hivi, huuzwa nje, kwanza Marekani, halafu China. Mwaka 2021 ziliuzwa zaidi ya milioni 220. Mwaka 2023 zikashuka hadi kama milioni 165. Januari 2024 China ilianza kuichunguza brandi ya Ulaya, wakati Ulaya nayo ikiyachunguza magari ya umeme ya China. Mkulima wa Charente hajawahi kutengeneza gari. Septemba mwaka huo wakulima waliingia mjini na matrekta kupinga, lakini Julai 2025 China ikatangaza ushuru wa hadi asilimia 34.9, ikizisamehe kampuni zilizokubali kutouza chini ya bei iliyopangwa. Marekani nayo ikaweka ushuru wake.

Nyumbani hakuna pa kukimbilia. Mvinyo na pombe kali ni kati ya bidhaa zinazoiingizia Ufaransa fedha nyingi za kigeni, pamoja na ndege na vipodozi, ila Wafaransa wenyewe wanapunguza kunywa. Miaka ya 1960 wastani ulizidi lita 100 za mvinyo kwa mtu kwa mwaka. Sasa ni kama 40. Hadi mwaka 1956 mtoto wa chini ya miaka 14 aliweza kupewa mvinyo kwenye chakula cha shuleni, na sekondari za juu zilipigwa marufuku mwaka 1981 tu. Kama mzazi, mabadiliko hayo nayapigia makofi. Mwenye shamba anayapigia hesabu.

Mwaka 2023 serikali ilitenga euro milioni 200 kununua mvinyo wa ziada na kuugeuza spiriti ya viwandani. Bordeaux, jirani wa Cognac, wakulima walilipwa kwa kila hekta waliyong'oa. Na Cognac pia neno kung'oa limeanza kutajwa mezani. Mzabibu huchukua miaka mitatu hivi toka kupandwa hadi kuzaa vya kutosha, na pombe yake miaka 10 mingine kabla ya kuitwa XO. Baba anayepanda leo mwanawe akiwa darasa la kwanza, atauza chupa ya kwanza ya daraja hilo kijana akiwa na miaka ishirini.