Kwata ya Gofu Katika Ua wa Sajini

Katika kambi moja ya polisi karibu na Entebbe aliishi sajini aliyesifika kwa mambo mawili: unyofu wa kwata yake na nguvu ya pigo lake la kwanza katika mchezo wa gofu. Uwanja wa mji huo, ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, huteremka kuelekea Ziwa Victoria, na mpira wa sajini ulikwenda mbali hata watazamaji wakakinga macho kwa viganja ili kuufuata. Lakini mshindi wa gofu si apigaye mbali. Ni amalizaye mashimo 18 kwa mapigo machache. Hapo ndipo sajini aliposhindwa.

Siku moja ya mashindano baina ya askari, alifika hatua 20 tu kutoka shimo la mwisho kwa mapigo mawili, kisha akatumia mengine matano kuutia mpira shimoni. Mwanawe wa miaka 14, aliyembebea mfuko wa fimbo, alisema kwa upole, "Baba, unapiga vizuri mpaka unapokaribia." Sajini akamfokea mbele ya wenzake, akamwambia kwamba mbeba mfuko hana ruhusa ya kunena. Kijana aliuweka mfuko chini taratibu, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku ile hakuugusa tena. Chakula cha jioni kikawa kinaliwa kimya.

Mama wa nyumba hakuujua mchezo huo, ila hesabu aliijua. Alimwomba mumewe amsimulie kila pigo la siku ile, shimo kwa shimo, akayaandika katika daftari la matumizi. Jumla yalikuwa 98; kati ya hayo, 61 yalipigwa ndani ya hatua 100 kutoka shimoni. Akasema, "Baba watoto, mshahara wetu haumalizwi na gunia la mchele. Unamalizwa na sukari ya leo na kiberiti cha kesho. Chovya chovya humaliza buyu la asali."

Maneno hayo yana ushahidi katika mchezo wenyewe. Uwanja ambao kiwango chake ni mapigo 72 huhesabiwa misukumo miwili ya mwisho kwa kila shimo, yaani 36. Nusu nzima ya kazi hufanyika pale ambapo nguvu haihitajiki.

Basi sajini akajipangia kwata mpya, nusu saa kila jioni alipotoka zamu. Kwanza alishindilia udongo wa ua, akaufagia, akafukia kopo lenye upana unaokaribia ule wa shimo halali, ambao ni milimita 108. Akapanga mipira 12 kulizunguka kama tarakimu za saa, kila mmoja hatua moja kutoka kopo. Alisukuma mmoja mmoja. Akikosa hata wa kumi na moja, huanza upya. Kisha alichomeka vijiti viwili vilivyoachana kwa nafasi inayozidi kidogo upana wa kichwa cha fimbo, akaipitisha katikati bila kuvigusa. Fimbo ikipita sawa na uso wake ukielekea shimoni, mpira hauna budi kuanza safari yake kwa unyofu.

Zamu ya pili ilikuwa ya pigo fupi la kuinua mpira. Alitandika gunia hatua tano mbele yake, baadaye 10, baadaye 15, akatafuta mpira uangukie juu yake. Asiyejua hutazama mahali mpira utakaposimama. Ajuaye huchagua mahali utakapoangukia, kisha huuacha ubingirike. Alichora pia mstari chini, akauweka mpira juu yake. Uzito aliuegemeza mguu wa kushoto, na fimbo ikapaswa kugusa mpira kwanza, ndipo ardhi, ili kovu lionekane mbele ya mstari na si nyuma. Kosa lake la zamani lilikuwa kujaribu kuunyanyua mpira kwa mikono, ilhali uso wa fimbo uliolala hufanya kazi hiyo wenyewe.

Mwisho alirekebisha mzungusho. Alisimama miguu imeshikana, akapiga kwa nusu ya nguvu. Atumiaye mabavu katika hali hiyo hupepesuka. Kisha alibana taulo makwapani, akapiga mapigo mafupi: mikono ikiachana na kiwiliwili, taulo huanguka. Wakati wote huo watoto walisimama nyuma yake na mbali, kwani mpira ule mdogo ni mgumu na huumiza vibaya.

Akilini alikuwa na Ben Hogan wa Marekani, ambaye kwa ushindi wa peke yake alisubiri hadi mwaka 1940, akijifunza kwa mazoezi yasiyokoma. Mwaka 1949 gari lake liligongana na basi, akavunjika mifupa vibaya. Mwaka 1950 akatwaa tena ubingwa wa wazi wa Marekani. Sajini aliipenda habari hiyo, lakini jioni moja alikumbuka sehemu aliyoisahau: Hogan aliingia katika gofu akiwa mtoto wa kubeba mifuko ya wengine.

Jioni ile taulo lilianguka mara ya nne. Kijana, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa jikoni, alikuja akaliokota, akalikung'uta vumbi, akamrudishia. Hakusema neno. Sajini naye alitaka kuomba radhi palepale, ila aliona kwamba tusi la hadharani halifutwi uani.

Mashindano yaliyofuata, kabla ya pigo la kwanza, aliwaita wenzake walewale. "Mwanangu alinieleza kweli, nami nikamwaibisha mbele yenu. Kosa lilikuwa langu." Baadhi walitazama majani. Kijana aliinama, akaubeba mfuko.

Sajini hakushinda siku hiyo; alimaliza kwa mapigo 91, na mkewe akayaandika daftarini. Lakini katika shimo la mwisho, hatua 20 kutoka bendera, alimgeukia mwanawe akauliza, "Wewe ungeuangusha wapi?" Kijana akaonyesha kwa kidole. Wakatazama pale pamoja, ndipo sajini akapiga.