Mimi wa Katesh, mbio sina!

Hapa hosteli nikisema natoka Katesh, Hanang, wote wanadakia: "Basi wewe mbio ziko damuni!" Kweli, Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton 1978, na John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza ya Olimpiki Mexico 1968 goti limefungwa bandeji. Lakini jamani, hao walifanya mazoezi! Mimi dakika tano mfululizo zilikuwa zinanitoa roho.

Sasa nakimbia kwa vipindi. Natembea haraka dakika 10 mwili upate moto, kisha nakimbia dakika 1, natembea 2, mara sita, namalizia kutembea polepole. Wiki mara mbili tu, siku zisifuatane, maana moyo na mapafu vinazoea mapema kuliko viungo na mifupa ya miguu. Baada ya wiki mbili nikapanda: kukimbia 2, kutembea 2. Kipimo ni pumzi, sio saa. Ukishindwa kutamka hata maneno matatu, punguza. Kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe itakukumbusha.

Kwa nini najitesa? Karibu naenda field, na shule niliyopangiwa iko Mbulu. Watoto wa kule wanakimbia kweli, ila wapo wa nyuma wanaoamini mbio ni za kuzaliwa nazo. Hao ndio nataka kukimbia nao.

Kesho alfajiri uwanjani, nani anakuja? Tupo pamoja.