Pumzi ya Wageni na Picha za Kale

Sisi wakaao Madungu, mjini Chake Chake, hatuhitaji kuelezwa unyevu ni kitu gani. Karafuu iliyopatwa na mvua kabla haijakauka hugeuka mpeta, na ukuta wa chokaa uliofungiwa pasipo hewa huota kuvu, kisha ukabambuka. Kwa hiyo twaweza kulielewa upesi jambo ambalo Wafaransa walijifunza kwa hasara kubwa.

Huko Ufaransa liko pango liitwalo Lascaux, lenye picha za farasi na mafahali zilizochorwa takriban miaka 17,000 iliyopita. Liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1948, na haikuchukua miaka mingi ila watu zaidi ya elfu moja wakawa wanaingia kwa siku. Hata wale wasiogusa kitu walikuwa wakipumua. Pumzi ya mwanadamu ina joto, mvuke na hewa ukaa. Mvuke ukikutana na jiwe baridi hugeuka matone, na matone hayo yakichanganyika na hewa ukaa huwa asidi hafifu iulayo mawe ya chokaa. Taa nazo ziliotesha mwani wa kijani. Mwaka 1963 pango likafungwa, na joto, unyevu na hewa yake vikawa vitu vya kupimwa daima. Hata hivyo, mwaka 2001 kuvu nyeupe ilienea, muda mfupi baada ya kufungwa mitambo mipya ya kurekebisha hewa. Kwa maoni yetu, kutibu pango kabla ya kuijua tabia yake ni sawa na kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Picha za Kondoa, zilizoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, zina taabu nyingine. Nyingi haziko ndani ya mapango ya kina, bali chini ya miamba iliyoinama, palipo wazi kwa jua, upepo na vumbi. Hapo mtu hawezi kuitawala hewa. Aweza tu kujua mvua hupiga upande gani na jua hufika saa ngapi. Na mtu amwagiaye picha maji ili rangi ing'ae huiletea chumvi, ambayo ikikauka hubambua uso wa jiwe. Baadhi ya mahali hapo wenyeji wangali wakifanya matambiko, nasi hatuoni kwamba ni haki kuwafukuza kwa jina la hifadhi. Wao ndio wajuao mwamba huo tangu zamani.

Nasi Pemba tuna Pujini, magofu ya ngome ambayo mapokeo huyahusisha na Mkama Ndume. Chini ya ardhi mna chumba ambacho katika lipu ya ukuta wake lilifinyangwa umbo la siwa. Si picha ya rangi, lakini chokaa ni chokaa. Wanafunzi wa sekondari, kwa idhini ya wasimamizi wa mambo ya kale, wangeweza kupima joto na unyevu, nje na ndani, alfajiri na adhuhuri, katika masika, kipupwe, vuli na kaskazi, wakaandika daftarini mwaka mzima. Mmoja aingie na kipimo, asome, atoke. Wengine wamngoje juu, maana naye anapumua.