Mkoba wa Kamera na Amana Iliyomo



Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha huanza anapobonyeza kitufe na kukoma taa za ukumbi zinapozimwa. Kwa miaka kumi ambayo nimekuwa nikipiga picha za harusi za akina mama mjini Mombasa, saa zilizonitia wasiwasi zaidi ni zile ambazo hakuna picha inayopigwa: safari ya kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini, na ile ya kutoka ukumbini hadi mlangoni pangu, usiku ukiwa umeshakuwa mkubwa. Karibu kila kifaa nilichowahi kukiona kikiharibika kiliharibika njiani. Kwa kuwa sasa mabinti wengi wa pwani wanaingia katika kazi hii, na kila familia huja ikamhitaji mpiga picha, nimeona nieleze namna tunavyobeba tunachobeba.

Nianze na tripodi, yaani ile stendi ya miguu mitatu. Kamera hushikwa juu yake na skrubu moja ndogo tu. Mtu anayeiacha kamera imefungwa juu ya stendi, kisha akaitia yote begani na kutembea, ameweka uzito wote mwishoni mwa fimbo ndefu. Kila hatua huitikisa, na mtikiso hulegeza. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, penye baraza huku na mkokoteni kule, mbebaji haoni kilichoko nyuma yake; akigeuka ghafla, kamera hugonga ukuta au kichwa cha mtoto wa watu. Kwa hivyo, nikihama nyumba kwa nyumba, naishusha kamera, nafunika lenzi, naitia mkobani, nakunja miguu ya stendi na kukaza vifungo vyake, kisha naibeba wima ubavuni. Nikihama hatua chache ndani ya chumba, natia kwanza mkanda shingoni, nakusanya miguu pamoja, mkono mmoja chini ya kamera, mkono mwingine kwenye stendi.

Kwetu wanawake kuna jambo jingine. Mguu wa stendi hupenda kunasa upindo wa buibui, na mkanda wa kamera hujisokota na mtandio. Mimi huvaa mkanda mpana unaopita kifuani mpaka kiunoni, na mkoba nauweka mbele. Ukiwaza vizuri, hakuna jipya hapa. Mama zetu walifunga watoto kwa mbeleko: uzito ukae karibu na mwili, usining'inie, na mikono ibaki huru. Anayejua kumbeba mtoto ameshajua nusu ya kazi hii.

Vyombo vya safari navyo vina mambo yake. Pikipiki naiepuka nikiwa na stendi, kwa sababu ikilazwa nyuma ya dereva hutokeza kando na kuweza kukwaruza gari au kumwangusha mtu. Tuktuk ni afadhali, lakini ina uwazi pande zote mbili. Mkoba hukaa mapajani, mkanda umezungushwa mkononi, kamwe si pembeni karibu na barabara. Katika feri ya Likoni, watu wanaposukumana kushuka, mimi hungoja msongamano upungue kwanza. Nilipoalikwa harusini Lamu na kuvuka kwa mashua kutoka Mokowe, mkoba nilioufunga ndani ya mfuko wa plastiki mzito niliupakata njia nzima, sikuuweka chini ngamani ambako maji hukusanyika. Na katika vijia vya Lamu, punda aliyebeba mizigo hampishi mtu. Ni wewe ubanike ukutani na vifaa vyako.

Kisha kuna hewa yetu. Chumvi ya bahari hula chuma polepole, na mchanga ukiingia kwenye maungio ya stendi huyasaga. Baada ya kupiga picha ufuoni, naifuta miguu yake kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha naikausha kabla ya kuikunja. Ukitoka katika ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, lenzi hupata ukungu sawa na gilasi ya maji baridi. Dawa yake ni kuiacha kamera mkobani, zipu imefungwa, mpaka izoee joto. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, msivitupe, vitieni mkobani.

Hayo yote ni ya chuma na kioo, na chuma na kioo vyanunuliwa. Lakini usiku wa kupamba, mkoba wangu hubeba zaidi ya hayo. Humo mna mamia ya picha za wanawake waliovua mabuibui kwa sababu mlango ulifungwa, simu zikakusanywa, na wakaambiwa kwamba mpiga picha ni mwanamke mwenzao. Usiku mmoja, nikifungasha vifaa, mama wa bibi harusi alinikaribia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, picha za binti yangu zalala wapi leo?"

Nilimwonyesha pindo la leso niliyojifunga ndani ya buibui. "Zalala hapa, mama, mpaka nifike nyumbani." Kadi za kumbukumbu nilikuwa nimekwisha kuzitoa kwenye kamera na kuzifunga fundo, kama bibi zetu walivyofunga senti zao. Akaligusa lile fundo kwa kidole, akatikisa kichwa, akaenda kuaga wageni.

Desturi hiyo ilitokana na msiba wa mwenzangu mmoja. Alinyakuliwa mkoba barabarani, kadi zikiwa ndani ya kamera. Kamera nyingine aliipata baada ya miezi kadhaa ya kudunduiza. Ile familia, kwa upande wake, iliishi na hofu, kila simu ikilia wakidhani picha za binti yao zimeanza kuzunguka. Hazikuonekana popote, alhamdulillahi, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hazitaonekana kesho. Tangu hapo, mimi nikinyang'anywa mkoba, mwizi atapata kamera tupu.

Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kwetu sisi jambo hili lina jina la zamani zaidi, nalo ni amana.

Basi akina mama, mnapokubaliana na mpiga picha, msiulize bei na idadi ya albamu peke yake. Muulizeni kadi zitasafiri vipi usiku huo. Muulizeni nani mwingine hutumia kompyuta yake. Muulizeni picha zitafutwa lini baada ya nyinyi kukabidhiwa. Aliye mwaminifu hatachukia maswali hayo. Na ikiwa harusi imekwisha usiku, mpeni kijana wa nyumbani amsindikize mpaka kwake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na yaliyomo ndani yake. Amin.